Unga Ulioliwa na Kuku

Jamani, tangu nirudi, kila anayeingia kibandani kwangu kuchukua nguo yake ananiuliza swali lile lile: "Ehe, Shija, ilikuwaje huko?" Namsimulia nusu, mteja mwingine anaingia na kitambaa chake, nakatisha, na kesho yake nasikia mtaa mzima wa Mabatini una habari nyingine kabisa. Mmoja kaambiwa tulikwenda kwa mganga. Mwingine kaambiwa mdogo wangu amekufa na tumemzika kisiwani. Basi nimekaa nimeandika yote. Someni, mkimaliza mniache nishone.

Mabula mnamjua. Ni yule mrefu aliyekuwa anashinda kwenye benchi nje ya kibanda, mguu mmoja una kandambili na mwingine umefungwa bendeji. Ana sukari. Kidonda kilianza kama mchubuko kwenye kidole gumba, tukakidharau, kikaja kutudharau sisi. Daktari alisema mbele yangu, wala hakumung'unya maneno: vidole viwili vikatwe wiki hii, la sivyo utakuwa mguu, na baada ya mguu atakuwa yeye mwenyewe. Mabula akakataa kutia sahihi. Si kwa kuogopa kisu. Aliniambia, "Dada, kisu kikinigusa nikiwa na laana hii, siamki."

Laana hiyo ni ya baba yetu. Zamani, nyumbani Misungwi, waligombana kwa ajili ya ng'ombe, na Mabula kwa hasira akamsukuma baba mbele ya watu, mzee akaanguka zizini kwenye mavi. Hakuinuka kwanza. Alisema akiwa amekaa pale pale chini: "Mabula, hutakula jasho lako." Mwaka huo huo baba akafariki, na tangu hapo kila kilichomharibikia Mabula kilikuwa na jina moja tu. Duka likaungua, laana. Mke akaondoka, laana. Pikipiki ikaibwa, laana. Sasa mguu.

Kwetu, neno la baba aliyekufa linaweza kutolewa na dada yake. Dada wa baba aliyebaki ni mmoja tu, shangazi Minza, yuko kisiwani Kome. Mimi naamini sindano na vidonge, mnanijua. Lakini Mabula alinishika mkono akasema, "Nipeleke kwa shangazi anitolee, nikirudi nitatia sahihi hata wakate nini." Ningefanyaje? Kumkamata mtu mzima umlazimishe kutia sahihi haiwezekani. Nikampigia shangazi simu, nikamweleza. Alikaa kimya nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Njooni." Hilo tu.

KUTOKA MJINI HADI USAGARA

Tuliondoka asubuhi ya mawingu. Mimi nilifunga matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha, nivitafune na karanga. Yeye nilimbebea uji wa ulezi usio na sukari kwenye chupa ya chai. Nilimkalisha dirishani, maana tusidanganyane, kidonda kilikuwa kinanuka. Kabla hatujatoka mjini vizuri, waliokaa mbele yetu walikuwa wameshahama viti.

Aliyebaki ni mama mmoja mnene mwenye Biblia ndani ya mfuko wa nailoni. Alijitambulisha kuwa ni Mama Neema, anakwenda Nyehunge kwenye maombi.

"Pole sana baba," alimwambia Mabula. "Umeumia nini?"

"Sijaumia mama. Nimelaaniwa."

Nilimkanyaga ule mguu mzima. "Ana sukari," nikasema. Lakini Mama Neema alikuwa ameshageuka mzima mzima kutuelekea, kwa furaha ya mtu aliyepata kazi.

Usagara mkanda wa injini ukakatika. Tukashushwa wote, dereva akatuma mtu arudi mjini kununua mwingine, sisi tukakaa kibarazani kwa muuza vifaa vya ujenzi mpaka jua likapita utosini. Mnajua kutoka hapo kwetu Misungwi si mbali. Kaburi la baba lipo huko, ni mwendo wa bodaboda. Nikamwambia Mabula twende tukasalimie kaburi, turudi kabla basi halijapona.

"Mikono mitupu? Ataniongezea."

"Atakuongezea nini, marehemu?"

Akanunua soda. Nilipoona kizibo kinafunguliwa nilitamani kumpiga makofi mbele za watu. Nilimwambia, "Soda ya nini na hiyo sukari yako?" Akapiga funda refu, akafuta mdomo kwa mkono. "Sukari haiui dada. Kinachoniua kinajulikana." Hivyo ndivyo alivyokuwa anaishi. Daktari anampa vidonge, anakunywa wiki mbili, anaacha, kwa sababu kwake yeye hakuna kitu kitakachofika mwisho. Nilimnyang'anya chupa nikaimwaga. Nilikuwa bado nimenuna basi lilipowashwa.

DARAJANI

Zamani tulikuwa tunavuka Kigongo kwa kivuko, na mtu akiogopa anaogopa kimoyomoyo. Sasa kuna daraja, refu, unaingia na huoni linakoishia. Tulipolikaribia Mabula akasimama.

"Konda, nishushe. Nitavuka kwa miguu."

"Braza, hapa hatushushi. Kaa."

"Nishusheni jamani. Mimi nina mkosi. Likitokea la kutokea mtakufa wote kwa ajili yangu."

Kijana mmoja nyuma akauliza, "Kasemaje huyo? Ana bomu?" Wengine wakacheka, wengine wakaanza kutafuta mlango kwa macho. Mtoto akalia. Ndipo Mama Neema akainuka na Biblia yake, akapaza sauti, "Ni Yona! Ndugu zangu, Yona yumo chomboni!" Sijui kama alifikiri anasaidia. Mzee mmoja akamwambia konda kwamba kama mtu mwenyewe anaomba kushuka, si ashushwe? Nikasimama na mimi. Nikawaambia huyu ni mdogo wangu, ni mgonjwa wa sukari, amechanganyikiwa kwa maumivu, na atakayemgusa ataanza na mimi.

Dereva akapunguza mwendo ili asikilize ugomvi, tukawa tunatambaa juu ya maji. Ziwa siku hiyo lilikuwa la kijivu, lina povu. Mabula alikaa, akafumba macho, akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kimelowa chapachapa. Alikuwa anasema kwa sauti ndogo, "Watu wa watu, Mungu, watu wa watu." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa anaigiza. Mdogo wangu aliamini kwa moyo wote kwamba daraja la zege linaweza kuvunjika kwa sababu amelikanyaga yeye. Nilimwonea huruma hata hasira ya soda ikaniisha.

Tulipotokea Busisi watu walipiga makofi, wengine kwa utani.

"Umeona?" nikamwambia. "Tumevuka."

"Kwa maombi ya yule mama."

"Amina," akasema Mama Neema.

"Kwa nondo na saruji," nikasema mimi. Hakuna aliyeitikia.

SENGEREMA HADI NYEHUNGE

Sengerema basi lilisimama tukale. Ugali wa muhogo, sato wa kuchemsha, mchuzi mwepesi wenye nyanya mbili tatu. Mimi nilikula kwa fujo. Mabula alimega tonge moja, akaacha, akanionyesha ng'ambo ya barabara palipo na duka la simu.

"Lilikuwa pale."

Alikuwa na maana ya duka lake la bidhaa ndogo ndogo, alilofungua baada ya kukimbia nyumbani. Moto ulitoka kwa jirani, mshumaa uliachwa ukiwaka. Nusu ya mali iliokolewa, nilikuja mwenyewe nikaiona imerundikwa barabarani: mabeseni, sabuni, magunia ya chumvi. Wenzake walijitolea kumjengea kibanda siku ile ile. Mabula akagawa kila kitu akaondoka. Rebeka, mkewe, alikuja kuniambia baadaye kwamba hakumwacha kwa umaskini. "Wifi, kila jioni nikimpakulia ananiambia hiki chakula tukile haraka, hakitadumu. Nimechoka kula haraka." Sikumwambia Mabula maneno hayo, si siku ile wala leo.

Mvua ilitukuta njiani, barabara ikawa uji, tukaingia Nyehunge jioni. Mama Neema alituaga kwa maombi marefu pale pale stendi, mkono juu ya kichwa cha Mabula, watu wamezunguka. Gesti ya kwanza walituambia vyumba vimejaa, wakati funguo naziona zinaning'inia. Ya pili mwenye nyumba alikuwa na mafua, akatupokea. Nilipofungua bendeji nimsafishe, nilikuta weusi umehamia kidole cha tatu, na unyayo umevimba unang'aa. Nikamwambia kesho tunarudi.

"Turudi wapi, dada? Kome ni hapo tu."

"Hospitali. Unaoza, Mabula!"

"Ukinirudisha kabla sijatolewa, sitii sahihi. Nimeshakwambia."

Basi nikafunga bendeji. Nililia nikiwa nimempa mgongo, na yeye akajifanya kalala.

NYAKALIRO, NA WENYE JENEZA

Asubuhi bajaji ilitufikisha ziwani Nyakaliro. Kivuko kilikuwa kimeshaondoka, kingine ni mpaka alasiri. Palikuwa na mitumbwi ya injini inayopakia, nikaenda kwa wa kwanza. Mwenye mtumbwi akamtazama Mabula na mguu wake.

"Huyu ndiye yule Yona wa kwenye basi?"

Habari ilikuwa imetutangulia. Nadhani kila aliyetoka kwenye yale maombi ya stendi alikuwa nayo mdomoni.

"Yona gani? Huyu ni mgonjwa."

"Mama, usinikasirikie. Leo ziwa lina mawimbi, na mimi nina watoto. Huyu hapandi."

Wa pili akakataa. Wa tatu hakukataa, alijifanya anatengeneza injini mpaka tukaondoka wenyewe. Na Mabula badala ya kukasirika, alikuwa anatikisa kichwa kukubaliana nao. Nilitamani ziwa litumeze sote na huo ujinga wetu. Nikakaa juu ya gunia la dagaa la mtu, nikiangalia ule mguu, nikiwaza kwamba kila saa tunayokaa pale inakula nyama.

Pembeni palikuwa na mtumbwi uliokodiwa na wafiwa. Walikuwa na jeneza limefunikwa kitenge cha bluu. Mzee mmoja mfupi, mwenye koti lililomzidi, alikuwa amesimama majini akishikilia ubavu wa mtumbwi. Alikuwa amesikia yote. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akaitika, "Marahaba. Mnakwenda Kome?"

"Ndiyo baba. Lakini mdogo wangu wanasema ana mkosi."

Akatutazama bila haraka. "Kama ni mkosi, sisi umeshatukuta. Pandeni."

Ndani ya jeneza alikuwemo binti yake. Maji yalipokuwa yanaturukia, mzee yule alikuwa anayafuta juu ya kitenge kwa kiganja, anafuta, yanaruka tena, anafuta tena. Mabula alikaa upande wa kichwani, hapakuwa na nafasi nyingine. Walitupa muhogo wa kuchemsha, tukatafuna huku wao wakitokwa machozi. Katikati ya ziwa mzee akamuuliza, "Mguu umepatwa na nini, mwanangu?" Nikajua sasa tutashushwa majini.

"Sukari," akasema Mabula.

Nilishtuka. Labda aliona haya kutaja laana mbele ya mtu mwenye jeneza. Mzee akaitikia kwa kichwa. "Wa kwangu ilikuwa presha ya uzazi," akasema. "Tulimfunga dawa za kienyeji. Tuliombewa. Tulimpeleka hospitali. Vyote tulifanya. Sijui ni kipi tulichelewesha." Akarudi kufuta kitenge mpaka Kome. Tuliposhuka, Mabula alitaka kusaidia kubeba, wakamzuia kwa upole kwa ajili ya mguu wake.

KWA SHANGAZI

Shangazi Minza ameokoka. Hasuki, havai hereni, na kanisani kwao ndiye mwimbishaji. Tulimkuta uani anawatupia kuku mchele mbovu. Alipomwona Mabula anachechemea alidondosha ungo. Hakutukumbatia. Alisimama kashika mdomo, nikadhani ni harufu.

Alitupa maji ya kunawa, akatuletea chai ya rangi na samaki wa kukaanga. Mabula hakugusa. Akateremka kwenye kiti, akakaa chini kwenye mkeka, mguu kaunyoosha, kama inavyotakiwa mtu anayeomba.

"Shangazi, najua umeokoka na mambo haya umeyaacha. Lakini sina mwingine. Nitolee neno la baba, nikakatwe."

Shangazi akasema, "Mabula, mwanangu, huna laana."

"Usinihubirie shangazi. Nimehubiriwa njia nzima."

"Sikuhubirii. Baba yako aliiondoa mwenyewe."

Kisha akasema yote, akiwa kainamisha kichwa. Mwaka ule ule wa ugomvi, mahindi yakiwa bado mabichi shambani, baba aliumwa, akamwita shangazi. Alimwagiza maji kwenye kibuyu na unga wa mtama. Alisukutua, akatema upande jua linakotokea, akasema: "Neno nililomwambia Mabula nimelimeza." Akakoroga unga kidogo, akaukausha, akaufunga kwenye kitambaa, akamkabidhi dada yake: mpelekee mwanangu aulambe, mwambie nyumbani kwake ni hapa.

"Nilipita Sengerema," shangazi akasema. "Nilikunywa chai dukani kwako. Unga ulikuwa kwenye mkoba."

"Nakumbuka ulikuja," akasema Mabula. "Ulikaa kidogo ukaondoka."

"Nilikuwa nimebatizwa wiki mbili tu. Mchungaji alituambia tusibebe tena vitu vile, mwenye kuvibeba anamkana Bwana. Nikasema, nikimpa nitakuwa nimekiri kwamba laana ina nguvu. Nikasema nitamwombea, inatosha. Nimekuombea kila asubuhi, Mabula. Sijaacha hata siku moja."

"Na unga?"

"Niliwapa kuku."

Mimi, mjinga mimi, nilipiga kigelegele. Nilidhani mambo yamekwisha! Laana hakuna, haikuwapo, twende tukakatwe vidole tule maisha. Mabula akanitazama, na kigelegele kikanifia mdomoni.

"Duka lilikuwa bado halijaungua," akasema.

"Bado," akasema shangazi.

"Rebeka alikuwepo. Ndiye aliyekupikia chai."

"Ndiye."

"Kwa hiyo siku zote hizo sikuwa na laana."

Shangazi akaanza kulia kwa sauti. Mabula hakulia. Aliinuka kwa kushika ukuta, akatoka uani, akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akaanza kufungua bendeji mwenyewe, anaizungusha anaitupa chini kwenye vumbi. Nikamkimbilia.

"Unafanya nini?"

"Turudi nyumbani dada. Hospitali siendi."

"Si umeambiwa huna laana!"

"Ndiyo maana siendi." Alisema bila hasira, na hilo liliniogopesha zaidi. "Nilikuwa mtu aliyelaaniwa na baba yake. Mtu wa hivyo hata watu wanamhurumia. Sasa mimi ni nani? Nilimfukuza mke wangu mwenyewe. Niligawa mali yangu mwenyewe. Huu mguu nimeuozesha mwenyewe. Mtu wa namna hiyo anatibiwa ili afanye nini?"

Nawaambieni ukweli, mimi mwenye mdomo wa kujibu hata mgambo wa jiji, nilimgeuzia mgongo. Nilirudi ndani nikamkuta shangazi jikoni kapiga magoti mbele ya mafiga. Nikamuuliza kwa hasira, "Huo unga baba alisema ni wa nini? Usipolambwa, je?"

"Alisema ni wa kumpa moyo tu. Alisema, hata asipoulamba, neno nimeshalimeza, halirudi."

"Una hakika?"

"Nilikuwa nimemshika mkono, Shija."

Ndipo tukasikia Mabula anaita kutoka uani. Tukatoka wote wawili. Alikuwa bado juu ya kinu, mguu wazi, nzi wameshaujua. Alikuwa anamwangalia shangazi tu, mimi hakunitazama kabisa.

"Shangazi, nakuuliza kitu kimoja. Nakujua huwezi kusema uongo. Ule unga, mtu asipoulamba, laana inatoka?"

Hapo sasa. Mimi ninayesema naamini sindano, nilisimama kwenye ule uwanja wa shangazi nikiomba, na sijui nilikuwa namwomba nani, kwamba huyu mama aliyeokoka, mwimbishaji wa kwaya, aseme uongo. Kuku walikuwa wanadonoa miguuni pake.

"Haitoki," akasema. "Ni lazima aulambe."

"Kwa hiyo bado ninayo."

"Bado unayo mwanangu. Ni kosa langu. Umekuwa nayo siku zote hizi."

Mabula akatoa pumzi ndefu, mabega yakashuka. Machozi yakaanza kumtoka, na safari hii nilishukuru kuyaona.

"Basi nitolee leo," akasema. "Iishie leo."

Shangazi akaingia ndani, akavua kitambaa cha kichwani, akarudi na bakuli la maji na unga wa mtama kiganjani. Alisukutua, akatema upande wa mashariki, kisha akamtemea Mabula usoni na kifuani, matone mazito, akitaja jina la baba yetu na la babu yetu, majina ambayo sikuwa nimeyasikia mdomoni mwake tangu aokoke. Alimlambisha unga kwa kidole kama anavyolishwa mtoto. Majirani wawili wa kanisani kwake walikuwa wanapita njiani, wakasimama, wakaona yote. Shangazi aliwaona na hakuacha.

Mabula aliumeza ule unga. Kisha akaomba yule samaki.

KURUDI

Kuhusu kurudi hakuna cha kusimulia. Tulivuka kwa kivuko, tukapanda basi, na darajani Mabula alikuwa amelala, mdomo wazi. Tulikwenda moja kwa moja hospitali na mizigo yetu. Alitia sahihi kabla hata hajaambiwa ni ya nini.

Mguu wameukata chini ya goti. Daktari alinivuta pembeni akaniambia kwamba tungekuja siku ile aliyotuambia, vingekuwa vidole viwili. Nilimwitikia, "Sawa daktari." Ningemwambia nini? Kwamba siku ile alikataa, na bila Kome mpaka leo angekuwa anakataa? Sijui. Siku nyingine nakaa kwenye cherehani nikifikiri ningepiga kelele zaidi, ningemfunga kamba, mguu ungekuwepo. Siku nyingine nafikiri bila Kome ningekuwa nimemzika. Nashona tu.

Shangazi wamemtenga kanisani. Haruhusiwi kuimbisha, anakaa benchi la nyuma mpaka watakapoona ametubu. Alinipigia simu akaniambia, "Kwa kutema yale mate nimeshatubu mbele ya wazee. Kwa ule uongo sijatubu, wala sitatubu." Kisha akauliza kama Mabula anakula. Nikamwambia anakula. Nikamwambia pia kwamba anakunywa vidonge vyake asubuhi na jioni bila kukumbushwa, anajifunza magongo, na anaulizia bei ya mabeseni ya jumla.

Basi ndiyo hivyo, mmejua yote, na zaidi yangu na shangazi ni ninyi peke yenu mnaojua. Mkienda kumjulia hali atawasimulia mwenyewe, anapenda kusimulia siku hizi. Atawaambia jinsi laana ya baba ilivyomtafuna, ikamlia duka, ikamlia mke, ikamlia mguu, mpaka siku shangazi alipoitoa kule Kome. Msitazamane. Msimuulize habari za kuku. Mwambieni, "Afadhali imetoka, Mabula." Mimi huwa namwambia hivyo hivyo.